Mafuta ya Mama Mkwe

Mjukuu wangu Rozi,

Huku Mshangano hatujambo, alizeti zimekomaa na mama yako anakusalimu. Jumuiya nzima inajua kwamba mjukuu wangu anapima polifenoli, ule uchungu wa mafuta ya zeituni unaokwaruza koo na kuyafanya yasichache upesi. Nimewaambia kipaji hicho umekirithi kwangu.

Unauliza uandike nini, kipimo kikiwa chini na mwenye mafuta ni rafiki yako. Mimi nilikuwa mchumba wa babu yako, na kijiji kizima kililetea ulimi wangu mafuta ya alizeti niyaonje kabla hayajauzwa. Siku moja akaja mama yake babu yako na dumu la mafuta. Nikachovya kidole, nikameza, nikasubiri koo liseme.

"Samahani mama, haya yamechacha."

Akabeba dumu lake, akaondoka. Nililia wiki nzima, nikijua ndoa imekwisha.

Jumapili akarudi na dumu jipya. "Onja, mwanangu," akasema. "Yale majirani wote waliyasifu. Nataka nyumbani kwangu awepo mmoja wa kuniambia ukweli."

Ule ushibe, Rozi.

Bibi yako, ambaye ulimi wake bado unafanya kazi