Wanamtaka Kocha Mpole

Mdogo wangu mpenzi,

Nakusalimu kwa jina la Mola anayetulinda. Miguu inaniuma kidogo, lakini jezi za klabu bado nazifua mwenyewe.

Niliposikia umeomba kazi ya ukocha hapa kwetu, nilipiga magoti nikashukuru. Sasa moyo umeingia wasiwasi. Kila Alhamisi mwenyekiti huniletea orodha ya jezi kumi na moja za kupiga pasi. Kocha hupanga timu Jumamosi, na mwaka mzima hajawahi kumchagua mtu ambaye jezi yake sijaipiga pasi. Kocha wa mwisho alipothubutu kuhoji orodha hiyo, wiki hiyohiyo alifukuzwa, eti hajui mpira.

Jana mwenyekiti alinifuata chumba cha kufulia, meno yote nje.

"Dada, huyu mdogo wako ni mtu wa namna gani?"

"Mpole mno," nikajibu kwa fahari. "Hata mkewe akimfokea, hajibu."

"Basi huyo ndiye!" akacheka, wala hakuuliza umewahi kufundisha timu gani.

Mungu anisamehe, nilidhani nakusifia. Klabu hii inahitaji kocha wa kumwambia mwenyekiti hapana. Wao wanatafuta wa kubebeshwa lawama.

Wakikuita, usisaini kabla hujawauliza nani anapanga timu. Wakianza kutazamana, chukua mkoba wako uje ule kwangu, kisha urudi kwa mkeo. Na wakitaka kujua nani kakuambia, nitaje bila woga. Nguo chafu hazikosekani duniani.

Ni mimi dada yako, ninayekuombea.