Siku Nne, na Pendo Atakamuliwa na Nani?

Doha, Ijumaa, siku yangu ya kupumzika

Kwa Mama, unayeniita Mama,

Pokea salamu za huyu uliyempa jina la mama yako, kisha akatokea mkali kama yeye. Mimi ni mzima. Joto la huku limepungua, sasa mtu anaweza kufungua dirisha bila kujuta. Wewe umeamkaje? Siulizi vile watu huulizana wakipishana njiani, kila mmoja anajibu "mzuri" na kwenda zake. Nauliza nikitaka jibu, ndiyo maana nimechukua karatasi.

Najua utashangaa kupata barua siku hizi. Lakini nikipiga simu yako Jumapili, Kariuki ndiye hupokea. Nikiomba kuongea na wewe, anaiweka simu sauti ya juu, na mimi namsikia akipumua kando yako kama askari wa gereza. Tangu lini mtu mwenye duka la vipuri vya pikipiki Nakuru anashinda Subukia kila Jumapili kumshikia mamake simu? Ndugu yangu nampenda, lakini namjua. Akikuonyesha wema bila kuombwa, angalia mifuko yako.

Kwa hivyo barua hii inaletwa na Chebet, msichana wa Rongai ninayefanya naye kazi katika jengo moja. Anarudi kwa likizo. Nimemwambia aiweke mkononi mwako mwenyewe, hata akiambiwa umelala, hata akiambiwa umeenda kanisani.

Sasa tuingie kwenye mambo. Kariuki alinipigia na furaha ya kuuza. "Sista, mimi na wewe leo ni habari njema tu," akasema. "Ukiland December tunakupick airport, straight mpaka ile park mpya ya michezo. Usifike home kwanza. Four days! Watoto wamechizi, kila siku ni roller coaster, roller coaster."

Nikamuuliza, "Siku nne? Na Mama?"

"Mathe ndiye amesema. Si umuulize?"

Na wewe, Mama, nikakusikia kwa masikio yangu. "Siku nne si nyingi, Mama. Hata mimi nataka kuona hilo gurudumu la kupandisha watu mbinguni. Twende tu."

Nilipokata simu nilikaa kitandani na kiatu kimoja mguuni. Nilijiambia, huyu si mama yangu, au kama ni yeye, kuna kitu. Kwa sababu mtu mwenye ng'ombe wa maziwa hasemi siku nne. Hata siku mbili hasemi. Dada yangu alipoolewa Rongai, uliondoka keki haijakatwa kwa sababu ng'ombe alikuwa anakungoja. Tulipomzika dada yako Nyahururu, ulirudi jioni hiyo hiyo ukaingia bandani na nguo za msiba, gauni umelikunja kiunoni. Maisha yetu yote tumeyapima kwa ndoo ya asubuhi na ndoo ya jioni. Sijawahi kulala nje ya nyumba na wewe hata siku moja, na sikulalamika, kwa sababu ndoo hiyo ndiyo ilinipeleka shule.

Nikampigia Kariuki tena. Nikamuuliza swali moja tu, Pendo atakamuliwa na nani?

"Ah, Mama Shiru atakuja. Si ni jirani?"

Mama Shiru! Mama Shiru ambaye Pendo alimpiga teke, ndoo ikaenda kulala kwenye majani ya nepia, naye akaapa mbele ya Mungu hatarudi nyuma ya yule ng'ombe? Pendo hakubali mkono mwingine isipokuwa wako. Mimi mwenyewe nilijaribu, unakumbuka, ukinielekeza nini cha kufanya kutoka upande wa pili wa uzio, na bado alizuia maziwa yote mpaka ulipokuja ukamgusa. Kariuki anajua haya. Alisahau kwamba mimi pia nayajua.

Kwanza nikuambie kuhusu hizi bustani za michezo, kwa sababu mwenzenu nimezizoea. Madam wangu alitupeleka moja majuzi, nchi ya jirani, mwendo mfupi wa ndege. Kabla ya kwenda aliniuliza mimi, "Unaonaje, watoto watatosheka na siku ngapi?" Tajiri akikuuliza maoni yako, ujue kuna mzigo unatafutiwa mbebaji. Nikamwambia siku mbili zinatosha. Akalipia nne.

Siku ya kwanza, Mama, ni tamu, siwezi kusema uongo. Watoto wanapiga mayowe, baba mtu anapiga mayowe, hata mimi nilipandishwa kwenye kitu cha kuzunguka nikaita jina lako. Siku ya pili wanapanda vilevile walivyopanda jana, foleni ni ndefu, jua linawaka, na mdogo anataka kubebwa. Siku ya tatu miguu imevimba na kila mtu anamlaumu mwenzake. Mimi nilikuwa kwenye benchi nikilinda viatu, sweta na chupa za maziwa za watu. Siku ya nne watoto wenyewe waliomba kurudi nyumbani. Wao walitaka vitanda vyao, lakini Madam alikataa kabisa.

Ndipo akaja kukaa nami kwenye benchi, akavua miwani, akaniambia ukweli. Mama mkwe wake alikuwa amekuja kukaa nyumbani kwao wiki hiyo. Hakutaka kumkuta. Basi nikaelewa. Siku mbili za kwanza zilikuwa za watoto. Hizo nyingine zilikuwa za mtu mzima anayehepa nyumba.

Sasa wewe nieleze, Mama. Ninyi mnanihepesha nyumba gani? Kwa nini nitolewe uwanja wa ndege nipelekwe kwenye magurudumu kabla sijasalimia banda, kabla sijaona jiko lako? Likizo yangu ni fupi. Ukitoa hizo siku nne, na siku za kuzungushwa kwa mashangazi, nitakuwa nimekaa Subukia kiasi cha kunywa chai na kufunga begi. Mtu aliyepanga hivyo hakupanga kwa kubahatisha.

Nilimwambia Kariuki anitumie picha ya Pendo. Ilichukua siku nzima, mtu ambaye hunitumia picha za chapati zake zikiwa bado moto. Hatimaye ikaja. Pendo amesimama, amenona, anatafuna. Nilifurahi kwa muda mfupi. Halafu nikaona nyuma yake mti wa avokado, umejaa matunda. Mama, mti huo uliangushwa na upepo wa mvua ya masika, wewe mwenyewe ulinisimulia ukikaribia kulia. Basi hiyo picha ni ya zamani, na mtu hatumi picha ya zamani ya ng'ombe aliye nyuma ya nyumba. Alipaswa tu kutoka nje na simu.

Nikaanza kusikiliza. Nikawa napiga simu saa ya kukamua makusudi. Zamani saa hiyo hukuwahi kupokea, au ulipokea ukiwa umebana simu kwa bega, na nyuma nikasikia maziwa yakipiga ndoo. Sasa unapokea mara moja, umekaa, na nyuma ni redio, na nikiuliza habari za banda unaniambia ningoje Jumapili Kariuki akiwepo.

Lakini hata hayo si yaliyonikosesha usingizi. Ng'ombe huuzwa. Ng'ombe hufa. Ningelia, yangeisha. Kilichonikosesha usingizi ni Jumapili ile Mercy, mke wa Kariuki, aliposhika simu nikakuona uso kwa uso. Ulikuwa umejifunika leso mpaka kifuani, na jua linawaka. Ulinipungia mkono wa kushoto. Ukashika kikombe kwa mkono wa kushoto. Mjukuu akakuletea ndizi, ukaipokea kwa mkono wa kushoto.

Wewe! Wewe uliyenipiga kofi mbele ya wageni wa kanisa kwa sababu nilimpa mchungaji kikombe kwa kushoto! "Huo mkono ni wa kufukuza kuku," ulisema, na mpaka leo huku Doha, hata kama kulia nimebeba mtoto, nahamisha mtoto kwanza ndipo nipokee kitu. Tuliongea muda mrefu siku hiyo, na mkono wako wa kulia haukutoka chini ya leso hata mara moja.

Mama, mkono umefanya nini?

Usiniambie ni baridi. Usiniambie ulilalia vibaya. Nimekaa na mawazo haya nikifua, nikipiga pasi, nikiogesha watoto wa watu, na kila mara yanaenda pale pale. Nadhani kuna siku ulishika chuchu za Pendo na vidole vikakataa kufunga. Nadhani mlimuuza kwa sababu hakuna mwingine angemkamua, naye angevimba kiwele na kuugua. Nadhani wewe ndiye uliwaambia wasiniambie. Kariuki ni mjanja, lakini ujanja huu ni wa mtu mzima kuliko yeye. Hata hiyo safari, nadhani uliikubali ili nikukute mahali pa kelele, watu wakicheka, umekaa kwenye benchi na leso yako kama bibi yeyote, nisipate nafasi ya kutazama.

Nina hasira, nakuambia wazi. Nina hasira na kila mmoja wenu. Mficha maradhi... basi naachia hapo, wewe ndiye ulinifundisha msemo huo unavyomalizika.

Najua mnachoogopa. Madam anataka nitie sahihi mkataba mwingine wa miaka miwili kabla sijapanda ndege. Mnasema moyoni, "Akijua, atarudi, na kazi itapotea." Ni kweli. Nikijua kwamba mkono umekufa, sitatia sahihi. Lakini nisipojua, nitatia, nije nicheze na watoto siku nne, nirudi huku, kisha siku moja Kariuki anipigie simu na ile sauti ambayo hata haihitaji kusema neno. Kati ya hayo mawili mimi ndiye wa kuchagua, Mama. Msinichagulie.

Kuhusu safari, uamuzi wangu ni huu, umwambie Kariuki kama ulivyo. Siku moja. Watoto wamengoja, na mtoto asinyimwe raha kwa sababu ya uongo wa wakubwa. Waende asubuhi na baba yao na mama yao, wapande kila kitu, wale pipi, walale kwenye gari wakirudi. Mimi siendi. Kutoka uwanja wa ndege nakuja Subukia moja kwa moja, hata kama ni kwa gari la maziwa. Siku zangu zote zingine ni zako. Tutaenda hospitali Nakuru, mimi na wewe, na daktari ataongea mbele yangu bila kuweka simu sauti ya juu. Na kama banda ni tupu, liacheni tupu. Kariuki asije akaazima ng'ombe wa jirani anifungie pale. Namjua, ameshafikiria.

Nisalimie dada yangu wa Rongai, kama naye yumo kwenye njama hii tutaonana. Msalimie Mercy, ambaye nadhani alishika simu vile makusudi ili nione, na kama ni hivyo, Mungu ambariki, lakini usimwambie mumewe. Wajukuu wako wawili waambie shangazi anawaletea viatu vya taa. Mama Shiru mpe pole ya ile ndoo, hata kama ni ya zamani. Kariuki mpe salamu ndogo, nusu ya kawaida.

Chebet atafika kwako na hii barua, na najua huwezi kuacha mgeni aende bila chai. Wao kwao wamelelewa kwa maziwa, huwezi kumdanganya kwa ya pakiti, ataonja mara moja na kujua. Lakini hilo sitamuuliza. Sitamuuliza pia kama ulisema u mzima, kwa sababu utasema. Madam anangoja jibu langu, na mimi nangoja simu ya Chebet. Nakuambia mapema ili usijitese kuigiza, Mama yangu, utamwaga chai ukajichoma. Nitamuuliza tu ulimpa kikombe kwa mkono gani.

Ni mimi mwanao, na kwa jina ni mama yako, kwa hivyo mara hii moja unitii,

Wairimu