Kipimo cha Piko

Jumatatu, 5 Agosti 1996

Glavu mbili zimetoboka leo. Nimezitupa. Bi. Saumu ameziokota pipani, akaziosha, akazianika. Nimezitupa tena alipokwenda kuswali. Saluni ni yake, lakini mikono ni yangu.

Wateja watano kabla ya saa sita. Vumbi la Voi limeingia kila mahali, hata kwenye bakuli la hina. Vidole vyangu bado vinapasuka. Nimeacha kujidanganya kwamba ni sabuni. Ni piko, rangi nyeusi tunayowachorea maharusi. Hapa kila mtu anaichanganya hivyo hivyo: hina kijiko kimoja, unga wa kutia nywele weusi vijiko vitatu. Inashika kwa saa moja, nyeusi ti. Hina yenyewe hutaka nusu siku na hutoa wekundu tu. Kwenye pakiti ya ule unga wameandika usiguse ngozi. Nani husoma pakiti?

Mimi nimeisoma baada ya Nekesa, mke wa fundi wa reli. Mwezi uliopita nilimchora maua miguuni. Siku ya tatu akaja na malengelenge, yamefuata kila ua, jani kwa jani. Hakunipigia kelele. Afadhali angenipigia. Aliyemchora ni mimi, si Bi. Saumu. Tangu siku hiyo sheria yangu ni moja: tone dogo la piko ndani ya kiwiko, siku mbili za kungoja, ndipo tuongee.

Jumatano, 7 Agosti

Bi. Mwanaisha mwenye duka la vitambaa amekuja. Bintiye Rukia anaolewa Ijumaa ya wiki ijayo. Watu wa bwana harusi wanatoka Mombasa, na watu wa Mombasa, anasema, hutazama mikono ya bibi harusi kabla ya uso. Anataka piko mpaka viwikoni. Nimesema Rukia aje Jumatatu nimwekee kipimo. Amenitazama kana kwamba nimemwomba cheti cha kuzaliwa.

"Ngoja ngoja huumiza matumbo, mwanangu," akasema.

Bi. Saumu akacheka, akaniita daktari mbele ya wateja wote. Sawa. Daktari Wakesho wa kijijini Mraru. Lakini bila kipimo sichori.

Jumatatu, 12 Agosti

Rukia amekuja. Msichana mzuri, hajui kunyamaza. Nimemwekea tone, ukubwa wa punje ya mbaazi. Nimemwambia asikune, asipake mafuta, na akiona chochote aje mbio. Amesema sawa dada, akaondoka akiimba.

Naogopa.

Jumanne, 13 Agosti

Rukia hajaja. Nimeosha brashi zote. Bi. Saumu alikuwa anakoroga unga kwa mkono mtupu, dirisha limefungwa kwa ajili ya vumbi, macho yanamtoka machozi. Nimefungua dirisha. Amefunga. Nimefungua.

Jumatano, 14 Agosti

Siku mbaya.

Rukia amekuja na mama yake. Amevaa sweta. Joto hili, sweta! Akakaa, akanyoosha viganja tu.

"Hakuna kitu, dada. Anza."

Nikaweka brashi chini. Siwezi kuchora mkono ambao sijauona. Tumebishana mpaka wateja wakaacha magazeti yao. Mwishowe nimelipandisha sweta mwenyewe, polepole, na alianza kulia kabla sijafika kiwikoni. Wekundu upana wa kifuniko cha soda. Umevimba, katikati unatoa maji. Amekuwa akiuficha tangu jana, hata kwa mama yake.

Bi. Mwanaisha akasema ni mbu. Akatazama tena, akasema ni kidogo, kitapona. Namwelewa. Mikono mitupu mbele ya wakwe ni aibu ambayo angeisikia mpaka kaburini. Lakini ikiwa tone moja limefanya vile, mikono mizima ingekuwaje? Nimekataa. Nimesema kwa sauti, kila mtu asikie.

Bi. Saumu naye akasema kwa sauti: kesho asubuhi atakwenda nyumbani kwao amchore yeye mwenyewe. Mimi kesho nisije kazini. Hakusema mpaka lini.

Nina hasira. Sina kazi nyingine, na kwetu wananitegemea. Hata hivyo simwachi yule msichana.

Alhamisi, 15 Agosti

Asubuhi na mapema nimekwenda kwa Bi. Tima, somo wa Rukia, yaani kungwi wake. Kwetu Wadawida hatuna mambo haya. Nimeyajua kwa kuwachora maharusi wa Waswahili. Wiki ya harusi mwari yuko mikononi mwa somo wake: anachokula, anachojisinga, nani amguse. Mama ni mama, lakini wiki hii neno ni la somo. Na hakuna aliyekuwa amemwambia habari za kiwiko. Hilo ndilo kosa lao. Langu pia, maana nimemtia tone mwari wa watu bila kumuuliza somo wake.

Ameanza na hilo hilo.

"Nani kakupa ruhusa umguse mwanangu?"

Nimeomba radhi. Ilinistahili. Kisha akavaa buibui lake, tukaenda kwao Rukia.

Bi. Saumu alikuwa amekwisha kufika, anakoroga. Bi. Tima akampita. Alimwita Rukia, akamwambia afunue mkono. Aliutazama kwa muda mrefu.

"Mficha uchi hazai," akamwambia.

Akachukua lile bakuli, akaenda kulimwaga chooni. Bi. Mwanaisha akakaa chini pale pale mlangoni.

"Haya, daktari," Bi. Tima akanigeukia. "Hina ya majani unaijua?"

Naijua. Nimetwanga majani, nimechekecha kwa leso, nimekanda kwa ndimu na chai ya rangi. Nimechora mpaka nusu ya mkono, kiwiko sikukisogelea. Rukia amekaa na mikono imefungwa vitambaa mpaka alasiri. Tulipofungua, rangi ya karoti. Aliangalia, akafumba macho. Nimemwambia hina hukoza kesho yake. Akaificha mikono ndani ya leso. Nimeumia sana.

Ijumaa, 16 Agosti

Sikualikwa. Nimesimama kwa muuza mboga ng'ambo ya barabara kutoka nyumba ya harusi, kama mwizi. Nimemwona Rukia akishuka garini. Mikono myekundu iliyokoza, viganja karibu vyeusi. Mizima. Akina mama wa Mombasa waliishika, wakaigeuza huku na huku, wakapiga vigelegele. Bi. Mwanaisha aliniona. Akageuza uso.

Nimenunua sukuma na nyanya, nikarudi nyumbani.

Jumatatu, 19 Agosti

Nimekwenda saluni kuchukua vitu vyangu. Bi. Saumu alikuwa peke yake. Hakunisalimia. Nimekusanya brashi, nikazifunga kwenye kitambaa. Nilipomaliza akapandisha mkono wa dera, akauweka mezani mbele yangu. Ndani ya kiwiko, tone jeusi. Miaka kumi na tano anachora wenzake, sijawahi kuona piko kwenye ngozi yake.

"Nimetia jana adhuhuri," akasema. Sauti ilikuwa ndogo.

Nimeusogeza mkono kwenye mwanga wa mlangoni. Wekundu kidogo pembeni. Au macho yangu tu. Nimemwambia asikune, tutaona kesho adhuhuri. Kisha nimechukua ufagio, maana sakafu ilikuwa na nywele za tangu Jumamosi.