Swichi Nyuma ya Kabati la Kwaya

Mama,

Amplifaya imeacha kupiga ule mlio ikizimwa. Naanza na hilo kwa sababu ndilo ungeliuliza kwanza, kabla hata ya kuuliza kama nimekula. Mama Riziki amerudi kwaya, ameimba siku ya kuweka msalaba kama ulivyotaka, na Joeli hatukanwi tena. Yaliyobaki ni maelezo, na najua utayataka yote, tena kwa mpangilio.

Siku ya kuanua matanga yako kanisa lilijaa mpaka nje. Walimu wenzako walitoka Buhigwe na Kibondo, wanafunzi wako wa zamani walipanda bodaboda kutoka Kasulu mjini, na majirani wa Heru Juu waliacha maharage shambani. Mama Riziki aliongoza nyimbo. Baada ya wimbo wa mwisho Joeli, ambaye kwaya ilimpa kazi yako ya mitambo, alibonyeza swichi ya amplifaya ili aizime. Spika zote mbili zikatoa mlio mmoja mkavu, pa, kama ubao uliovunjwa karibu na sikio. Wengi tulishtuka, tukaendelea kukusanya vitabu. Mama Riziki alikuwa chini ya benchi, kifudifudi, mikono kichwani.

Unajua alikotoka. Unajua aliyoyasikia kule Kongo kabla hajafika kambini Nyarugusu, na kabla hajaolewa huku kwetu. Waliokaa mbele walijua pia. Waliokaa nyuma hawakujua, wakacheka. Alinyanyuka, akakung'uta kitenge, akatoka kwa mlango wa pembeni. Jumapili iliyofuata hakuja, wala iliyofuata hiyo.

Kanisani wakasema atapoa mwenyewe. Mimi sikuweza kungoja apoe. Wodini ulitamka wazi, ukiwa umemshika mkono: "Siku ya msalaba wangu aongoze huyu. Wengine waitikie." Ulikuwa na pumzi ya sentensi chache siku hiyo, na hiyo ulichagua kuitumia hapo.

Heru Juu nako watu walishapata maelezo yao. Mwalimu hataki mashine yake iguswe, ndivyo walivyosema. Jirani mmoja alinikuta bombani akaniambia kwa upole kabisa, akianza kwa Kiha, "Yewe, Eliza, mtulizeni mama yenu." Nikamjibu kwamba mama yetu alifundisha fizikia, angekuwa na malalamiko angeyaandika ubaoni na kuyapigia mstari. Alicheka mpaka akaweka ndoo chini, lakini hakubadili msimamo. Joeli ndiye aliyeumia zaidi. Kijiweni wenzake wa bodaboda walimbandika jina la Baruti. Abiria akishuka tu, wanamwimbia: "Baruti, zima taratibu, kuna wajawazito!"

Nilikwenda kwa Mama Riziki. Alikuwa anachambua maharage uani, na hakuacha kuchambua. "Mwanangu, mi siko na hasira na mtu," alisema. "Ila ile mashini yenu iko na bunduki ndani. Mwalimu alikuwa anajua kuifunga kinywa. Sasa Mwalimu hayuko, mi siwezi kusimama karibu yake."

Nikamwambia nitaitengeneza. "Sawa, utaniambia," akajibu, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuahidiwa mengi.

Katika kazi yangu ya habari, shahidi bora ni yule anayesema jambo bila kujua kwamba amelisema. Nilishuka njiani nikilirudia neno lake. Mwalimu alikuwa anajua kuifunga kinywa. Maana yake mikononi mwako mashine ile ile, yenye spika zile zile, haikupiga. Watu wote, na mimi nikiwemo, tulikuwa tunauliza ina ugonjwa gani. Swali la kuuliza lilikuwa: nini kimebadilika?

Jumamosi asubuhi nikamwita Joeli kanisani. Kwanza tukachomoa maikrofoni zote, tukawasha, tukasubiri zile taa za kioo zinazokuza sauti ndani ya amplifaya hizi za zamani zipate moto, tukazima. Ikapiga. Tukashusha sauti mpaka sifuri. Ikapiga vile vile, na kwa nguvu ile ile, jambo lililonipa moyo: mlio usiopungua ukishusha sauti hauji na maikrofoni. Tukaitoa mikisa ya kuchanganyia sauti kabisa, amplifaya ikabaki peke yake na spika zake. Spika hatukuzichomoa hata mara moja. Hilo ulitufundisha wewe, kwamba amplifaya ya aina hii haiwashwi bila spika, kama sufuria isivyowekwa motoni bila maji. Ikapiga.

Joeli akaona aibu kama vile anapiga yeye. "Dada Eliza, labda ni hii ekstensheni," akasema. Halikuwa wazo baya. Wiki ya msiba kabati la kwaya lilisogezwa ili kupisha watu, na tangu hapo amplifaya imekaa mezani upande wa pili, ikipata umeme kwa waya mrefu wa ekstensheni. Tukaibeba tukairudisha mahali pake pa zamani, tukachomeka moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani. Joeli akabonyeza swichi ya mashine. Pa.

Akaiwasha tena, akaenda mlangoni kupumua. Mimi nilikuwa nimeegemea ukuta, na kwa kuwa mkono wangu ulikuwa pale, nikazima ukutani.

Kimya.

Joeli akageuka. "Umeme umekatika?"

Nikawasha, nikazima ukutani. Kimya. Nikazima kwa swichi ya mashine. Pa. Tukarudia hivyo mpaka hakukuwa na shaka, na nilipoinama kuitazama vizuri ile swichi ya ukutani, Mama, nikaona alama. Pale kabati liliposimama, rangi ya ukuta ni safi, lakini kuizunguka swichi kuna doa jeusi la vidole, limeshuka kidogo upande wa kushoto, kama mtu aliyekuwa anapapasa bila kuona. Swichi ya amplifaya yenyewe inang'aa kama ilitoka dukani jana, ilhali vitufe vya sauti vimelika mpaka namba hazisomeki.

Nililitazama lile doa kwa muda. Kisha nikaendelea na kazi.

Tuliona kila Jumapili. Ulikuwa unasema, "Nazima, jamani," halafu unaingiza mkono nyuma ya kabati mpaka begani, shavu limebanwa kwenye mbao, miwani imepinda. Tulijua ni ubahili wako wa umeme. Mdogo wangu Daudi alikuwa anakuigiza nyumbani, anazungumza na friji kabla ya kuchomoa waya wake, na wewe ulikuwa unacheka kuliko sisi. Hukusema, "Mwanangu, swichi ya mbele imeungua." Ulicheka tu.

Nilikuwa na safari ya Kibondo kuandika habari ya mihogo, nikaibeba amplifaya mapajani ndani ya gari kama mtoto mgonjwa. Fundi Hamisi wa redio wa kule alipoiona aliuliza, "Bibi huyu umemtoa wapi?" Aliifungua, lakini hakugusa kitu ndani mara moja. Kwanza alimwaga umeme unaobaki ndani hata baada ya kuchomoa waya, akasisitiza kwamba huo umeua mafundi, na mimi nisithubutu. Kisha akang'oa swichi na kunionyesha vyuma vyake viwili, vyeusi tii. Umeme ukikatwa pale, akaeleza, unajaribu kuruka pengo, cheche inatokea. Taa za kioo bado zina moto, mashine bado ina uhai kidogo, basi inaikuza ile cheche na kuitupa kwenye spika. Akafunga swichi mpya na pembeni yake kidude cha kumeza cheche: kapasita na kizuia-umeme, vya aina inayostahimili umeme wa ukutani.

"Aliyekuwa anaizimia ukutani alikuwa mjanja au mvivu?" akaniuliza nilipomsimulia habari ya doa.

"Alikuwa mwalimu."

"Basi vyote viwili."

Nimeona nikupe hilo neno, utalifurahia.

Sasa lipo moja ambalo hutalifurahia, na nalisema mara moja tu. Wewe uliyetueleza kwa nini maji yanachemka na kwa nini bati linalia jioni, hili hukulieleza. Uliona kasoro, ukapata njia ya kuizunguka, ukaizunguka vizuri mpaka hakuna aliyejua ipo. Ndivyo ulivyofanya na moyo wako. Uliacha kupanda kwa njia ya kilimani, ukaanza kupita ile ndefu ya mashamba ya mihogo. Ukasema unapenda kivuli. Mihogo ina kivuli gani? Mimi ninayeuliza watu maswali kwa kazi sikukuuliza, kwa kuwa ulilisema huku unatembea vizuri. Daktari alituambia moyo ulikuwa umechoka muda mrefu. Ungemwambia mtu mmoja. Hata Joeli.

Basi. Nimemaliza hilo.

Ijumaa ya kabla ya msalaba nilimfuata Mama Riziki. Alikuja kwa sharti moja. "Nizime mi mwenyewe. Mutu mwingine asiguse." Joeli akawasha, tukaweka wimbo kidogo, kisha sote tukarudi nyuma. Alisimama mbele ya mashine, kitenge amekikaza kiunoni, kidole kikiwa juu ya swichi muda ambao ungeweza kusali sala nzima. Huenda alisali. Akabonyeza.

Hakuna kilicholia. Zile taa za kioo zilibaki nyekundu kidogo, kama kawaida yake, zikififia.

"Imezimika?" akauliza.

"Imezimika, mama. Zinapoa tu."

Hakuondoka mpaka wekundu wote ulipoisha. Kisha akamwambia Joeli, "Washa tena." Akazima. "Tena." Akazima. Mara ya mwisho alikuwa anatabasamu, akamgeukia Joeli: "Baruti, umeishiwa?" Joeli akacheka mpaka akakaa chini. Sikuwa nimemwona akicheka hivyo tangu msiba.

Siku ya msalaba aliongoza yeye na wengine wakaitikia. Sitakueleza sauti yake, unaijua. Aliimba akiwa amesimama pembeni ya spika kabisa, na wimbo wa mwisho ulipoisha alikwenda mwenyewe kwenye amplifaya. Kabla ya kubonyeza aliinua kichwa akasema, "Nazima, jamani."

Hapo ndipo nilipolielewa neno lako, au nadhani nimelielewa. Mtu anayejua kwamba hakutakuwa na mlio hana sababu ya kuwaonya watu. Labda ulikuwa unamwonya mmoja tu kati yetu, ikitokea siku mkono umekosea swichi. Sina ushahidi, kwa hiyo naliacha hapo.

Nimemweleza Joeli kila alichofanya Fundi Hamisi, naye amemweleza Mama Riziki, naye anawaeleza watu hata wasiouliza. Jumatatu mimi na Daudi tunakwenda kupimwa moyo. Yeye anasema hana tatizo, anapenda tu kutembea polepole. Nimemwambia sentensi hiyo nimeshaisikia nyumbani kwetu, na kwamba atakwenda. Majibu tutayasema kwa sauti, mezani, kila mtu asikie. Hiyo ni ahadi, na unajua kwamba nikiandika jambo huwa nimelihakiki.

Pumzika, Mama. Wiki ijayo wanapaka rangi kanisa, ndani na nje. Nimeongea na wapaka rangi kuhusu ule ukuta wa nyuma ya kabati. Watapaka wote, ila pale kwenye swichi watapazunguka.

Mwanao,
Eliza