Tiketi za Kwenda na Kurudi

Tarehe 3 Februari

Mwanangu Mwalimu,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko. Natumaini kile kikohozi kimekuacha na wanafunzi hawakutoi jasho sana. Mimi mwili mzima, ila miguu haitaki kutulia.

Miezi minne sasa tangu tumzike baba yako, na mwezi mmoja tangu niagwe kule jikoni shuleni. Bado naamka alfajiri kama kwamba watoto mia nne wananisubiri na sahani mkononi. Nafagia. Ikifika saa tatu nimeshafagia mara mbili. Jana nikafagia mpaka mbele ya mlango wa jirani, yule fundi saa, akatoka kunitazama kama mtu aliyekuja kumwibia vumbi.

Pensheni ya kwanza imetoka. Ni ndogo, lakini ni yangu peke yangu, na hapo ndipo nilipokwama. Nilikwenda sokoni, muuzaji akaniuliza, "Mama, nikupe nini?" Nikakosa jibu. Miaka thelathini na minne nimenunua anachopenda baba yako, unachopenda wewe, na kilichoandikwa kwenye karatasi ya mkuu wa shule. Nikarudi na kilo tatu za viazi. Mla viazi alikuwa baba yako.

Wewe ndiye unayelipwa kufundisha watu namna ya kutumia pesa. Hebu nifundishe na mimi.

Ni mimi mama yako


Tarehe 14 Februari

Mama,

Shikamoo. Kikohozi kimekwisha, wanafunzi hawajaisha. Nimefurahi kusikia u mzima, na fundi saa mwombe radhi kwa niaba yangu.

Swali lako ndilo somo langu la wiki ya tatu. Darasani nasema hivi: mtu ana pesa yenye mwisho na matamanio yasiyo na mwisho. Kipande cha kwanza cha keki ni raha tupu. Cha pili si haba. Cha nne unakila kwa sababu umeshakilipia tu. Kwa hiyo usizidi kumwaga pesa mahali raha imeshapungua. Ihamishe kule inakokupa raha zaidi. Endelea kuhamisha mpaka sarafu ya mwisho unayoitoa huku na ile unayoitoa kule zikupe raha sawasawa. Hapo umefika. Kwa kipato hicho, huwezi kuridhika zaidi ya hapo.

Wala hakuna wa kukuuliza kwa nini unapenda unachopenda. Mmoja chai, mwingine kahawa, hatudaiani sababu. Sharti ni kwamba mtu ajue anachopenda. Vitabu vyetu vinachukulia kwamba kila mtu anajua. Wewe hujui, basi jaribu. Nunua kidogo kidogo, ujitazame.

Au ipangishe nyumba uje tukae wote. Watu wawili chini ya paa moja hawatumii mara mbili. Lifikirie.

Mwanao


Tarehe 9 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mimi sijambo, wewe je?

Nimejaribu. Nilinunua keki nzima. Vipande viwili raha, cha tatu nikampelekea fundi saa, tumepatana. Nikanunua manukato, nikapiga chafya kutwa nzima. Nikapaka chumba rangi ya njano niliyoitamani tangu nikiwa mwali. Siku tatu nimelala humo kama kifaranga ndani ya yai. Nimejua angalau nisichokipenda.

Sasa sikia. Jumanne nilikwenda stesheni kuulizia nauli ya kuja kwako. Karani akasema treni yako imeshaondoka, iliyopo ni ya kwenda mwisho wa reli, na jioni inarudi. Sijui kilichonipata. Nikamwambia, "Nipe hiyo."

"Kwenda tu, au kwenda na kurudi?"

"Kwenda na kurudi."

"Una mtu kule, mama?"

"Sina."

Akanitazama, akanikatia.

Nilikaa dirishani. Mwanangu, nilikaa saa nne bila kuinuka! Nyumbani siwezi kukaa hata maji yakachemka. Mle ndani miguu ilinyamaza. Watu wanaanika nguo, wanafunga maduka, wanagombana, na mimi simpikii yeyote. Nimekaa, na mambo yanakwenda bila mimi. Mwisho wa reli hakuna kitu, ni banda la mizigo na benchi. Nilikaa benchini, nikarudi.

Nimeshakwenda mara tatu.

Mama yako


Tarehe 18 Machi

Mama,

Shikamoo. Nimecheka hiyo ya kifaranga mpaka mwenzangu wa ofisini akaniuliza kulikoni. Nimefurahi umepata kitu cha kukutuliza.

Ila mkono wangu una tabia mbaya, umeshapiga hesabu. Ukienda kila wiki, tiketi zinakula zaidi ya nusu ya pensheni yako. Nusu iliyobaki ina umeme, gesi, maji, sabuni, dawa ya presha. Unakula nini? Niambie kweli.

Mwanao


Tarehe 2 Aprili

Mwanangu Mwalimu,

Natumaini u mzima. Mimi mzima kabisa.

Nakula. Nyama nimeiacha, wala siitamani. Gesi nawasha mara moja kwa siku mbili, napika sufuria kubwa, nakula kiporo. Sukari nimepunguza. Pesa ya dawa ya presha sijaigusa, usinifanye mjinga.

Nimefuata somo lako neno kwa neno. Kilo ya nyama hainipi hata robo ya raha ya kile kiti cha dirishani. Basi nimetoa pesa kwenye nyama nikaipeleka dirishani, na bado haijafika mahali pa kusawazika, bado dirisha linashinda. Nimekosea wapi? Nisahihishie kwa wino mwekundu.

Mama yako


Tarehe 10 Aprili

Mama,

Shikamoo. Hujakosea. Ungekuwa mwanafunzi wangu ningekupa alama zote, na ndiyo maana silali vizuri. Mwanafunzi akijibu hivyo, yule anayekula kiporo ni mtu wa kwenye karatasi. Wewe una miaka sitini na mbili.

Punguza ziwe safari mbili kwa mwezi. Nakuomba.

Mwanao


Tarehe 29 Aprili

Mwanangu,

Salamu. Kabla hujasikia kwa fundi saa, nikwambie mwenyewe. Alhamisi nilianguka kule mwisho wa reli, nikishuka. Ni kizunguzungu tu. Nilitoka nyumbani bila kutia kitu tumboni. Mkaguzi wa tiketi, mama mmoja mnene mwenye sauti ya kuamsha wafu, alinilaza kwenye benchi akaninywesha chai ya sukari. Akaniambia, "Dada, treni nitakupandisha hata bure, lakini maiti sipakii." Tulicheka mpaka nikapata nguvu.

Goti limechubuka. Nimeahidi kula kabla ya kutoka. Usije mbio, usiombe ruhusa kazini. Yamekwisha.

Mama yako


Tarehe 6 Mei

Mama,

Shikamoo. Pole sana kwa goti.

Nimefanya jambo ambalo hutalipenda leo, ila utanielewa kesho. Nilikwenda ofisi ya pensheni ya huku nikajaza fomu ya msimamizi. Kuanzia mwezi ujao pesa yako itapitia kwangu. Nitalipa umeme na maji, nitaelewana na duka la karibu nawe wakuletee chakula cha wiki, chenye nyama. Tiketi nimekutengea moja kwa mwezi. Hakuna hata sarafu itakayobaki mfukoni mwangu, unajua.

Ni mapenzi tu, Mama.

Mwanao


Tarehe 20 Mei

Kwako,

Nimekwenda pensheni leo kuuliza, maana nilidhani labda sikuielewa barua yako.

Karani ni msichana mdogo, mwenye adabu. Alishusha sauti ili waliokuwa nyuma yangu wasisikie. "Mama, hapa imeandikwa kwamba huwezi kusimamia mambo yako mwenyewe. Kisanduku kimewekewa alama."

"Nani kaweka alama?"

"Mwanao."

Nikamwomba anigeuzie karatasi. Nikauona mwandiko wako. Hilo la kisanduku hukuniandikia.

Akaniuliza leo ni siku gani. Akaniuliza nina watoto wangapi. Nikamjibu, mmoja. Akaniuliza pesa yangu naitumiaje, nikaeleza habari za treni mbele ya foleni nzima, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kuonekana kichaa.

Ulisema hakuna wa kuniuliza kwa nini napenda ninachopenda. Kwa chai na kahawa uliona rahisi. Ulipofika kwa mama yako ikawa vigumu?

Mwaka ule uliposoma kidato cha tano, nilikula mlo mmoja kwa siku, miezi saba, ili upate vitabu. Nilianguka mara mbili jikoni shuleni. Hakuna aliyenijazia fomu. Mliniita mama mwema.

Usiniandikie kwa sasa.

Mama


Tarehe 4 Juni

Mama,

Shikamoo. Najua umesema nisiandike. Natumaini goti limepona.

Kile kisanduku sikukiweka kwa ubaya. Bila alama ile fomu haikubaliki, ndivyo walivyoniambia. Niliogopa. Nilikuona akilini umelala kwenye benchi, mahali nisipopajua, kati ya watu nisiowajua. Baba amekwenda, umebaki wewe.

Nijibu hata mstari mmoja.

Mwanao


Tarehe 19 Juni

Mama,

Shikamoo. Sijapata mstari. Mwenye duka amenipigia simu kwamba vikapu viwili vimerudishwa vimefungwa vilevile, nyama imeanza kunuka. Fundi saa hataki kuniambia kitu, anasema yeye anatengeneza saa tu.

Mama, unakula nini?

Mwanao


Tarehe 11 Julai

Mama,

Shikamoo.

Habari ya miezi saba ya mlo mmoja sikuijua. Nakumbuka vitabu. Nakumbuka nilivyovifunika kwa magazeti visichafuke. Sikumbuki hata siku moja kuuliza vilitoka wapi. Nilidhani wewe huna njaa; ulisema umeshakula huko kazini, na mimi nikaona raha kuamini.

Wiki iliyopita nilikuwa ubaoni, somo lilelile, nimechora mstari wangu wa kipato, naeleza habari za mtu anayejichagulia. Mwanafunzi mmoja wa kike akanyoosha mkono. "Mwalimu, na kama anajichagulia kwa ajili ya watu wengine maisha yake yote, tunajuaje yeye anapenda nini?" Nikasema swali zuri, tutalirudia. Sikulirudia. Kengele ilipolia nilitoka na chaki mkononi, nikaenda nayo moja kwa moja mpaka ofisi ya pensheni.

Fomu nimeifuta. Walinitaka niandike sababu. Nikaandika: "Maelezo niliyotoa hayakuwa kweli." Karani akasema maneno hayo yanaweza kuniletea matatizo. Nikamwambia ayaache hivyohivyo. Pesa yako ya mwezi uliopita na huu utaikuta pale dirishani kwao, yote, kwa jina lako.

Sikuombi unijibu.

Mwanao


Tarehe 2 Agosti, mezani kwako

Mama,

Shikamoo. Nimekuja bila kukuambia, nimekukuta hupo. Fundi saa amenihoji kama polisi, mwisho akanipa ufunguo. Anasema umekwenda mwisho wa reli tangu asubuhi, na kwamba siku hizi mkaguzi mnene anakulaza kwake mkichelewa kwa soga, unarudi na treni ya alfajiri.

Nimepita jikoni. Samahani, nimefunua sufuria. Kuna maharage, kuna mboga, kuna samaki wa kukaanga nusu. Nimekaa sakafuni kidogo baada ya kumwona huyo samaki.

Nilitaka kuondoka mara tatu. Nimesimama, nimekaa, nimefagia uwanja, nimezunguka nyumba. Barua niliyokuwa nimeitunga njiani ilikuwa nzuri, yenye hoja, nimeichana. Nilichotaka kusema ni hiki: nilikukosea, na si kwa kukosea hesabu. Niliona aibu kwamba mama yangu anapenda kitu kisicho na faida kwa yeyote, hata kwangu.

Mimi nina mshahara, nina friji, nina viatu jozi nne, na nikijiuliza swali lile la muuzaji wa sokoni nakosa jibu kama wewe. Hilo sijamwambia mtu.

Nimepiga simu chuoni kwamba kesho sitafundisha. Nangoja.

Mwanao


Tarehe 3 Agosti, asubuhi

Wewe,

Marahaba. Nimerudi, nimekukuta umelala kwenye kochi na viatu miguuni. Nimekuvua. Sijakuamsha.

Nimesoma barua zote, na hii ya mezani. Bado nimekasirika, usidhani nimelainika kwa sababu umefagia uwanja. Tena umefagia vibaya. Ile foleni ya pensheni naiota mpaka leo. Itachukua muda, na huo muda usinipangie.

Nimekwenda kununua maziwa. Ukiamka kabla sijarudi, usioshe vyombo, usipange kabati, usihesabu kitu chochote humu ndani. Kaa tu. Nikija tutakunywa chai, na hayo yote uliyoyaandika utayasema upya kwa mdomo wako, nikikutazama.

Mama yako