Mkwe Wangu Ananiuliza Kwa Nini Alizima Swichi

Mshauri mpendwa, kwa miaka kumi na moja nimemficha mkwe wangu kwamba kosa lililomfukuzisha kazi lilikuwa langu, na sasa daktari ameniambia nihesabu wiki, si miezi, kwa hiyo nisaidie kabla sijaishiwa pumzi.

Nilikuwa mkuu wa chumba cha kompyuta katika hospitali kubwa, naye, mume wa binti yangu, alikuwa fundi chini yangu. Tulikuwa na seva mbili za Linux, kompyuta za kutunzia rekodi za wagonjwa, moja ikifanya kazi na nyingine ikisikiliza mapigo ya mwenzake, ili ya kwanza ikifa ya pili ishike kazi papo hapo, lakini kabla ya kushika ni lazima ikate umeme wa mwenzake kwa swichi maalumu, maana zikibaki hai zote mbili zitaandika juu ya rekodi zilezile na kuzivuruga. Mwaka ule tulikuwa tunahama kutoka programu ya zamani inayoziunganisha kwenda mpya, na siku ya majaribio, mbele ya wakurugenzi, kila seva ikadhani mwenzake imekufa, zikakatiana umeme, skrini zote zikazima, mkurugenzi mmoja akauliza, "Tunahama au tunazika?" wakacheka, nami masikio yakaniwaka kwa aibu. Kesho yake niliizima ile swichi ili onyesho la pili lipite salama, likapita, wakanipigia makofi, nikawa nasema nitairudisha, nitairudisha, na siku ya tatu waya wa mtandao ukalegea, kila seva ikajiona ndiyo pekee iliyo hai, zikaandika kwa pamoja, makundi ya damu ya wagonjwa yakachanganyika, na kama si muuguzi mmoja mbishi aliyepima upya, mama mmoja angeongezewa damu isiyomfaa. Uchunguzi ulimtaja mkwe wangu. Nilikaa kwenye kikao kile nikaitazama meza.

Leo yeye ndiye anayeniogesha. Asubuhi hii alinibeba kutoka bafuni akisema, "Baba, umekuwa mwepesi, hata ile seva ya zamani inakushinda uzito," nikacheka, kisha akaniambia hospitali inahama tena kwenda programu nyingine, wanatafuta anayeujua mfumo ule, wamemwita kwenye usaili Alhamisi, anaomba nimwandikie barua ya kumdhamini. Halafu akasema taratibu, "Wakiniuliza kwa nini nilizima swichi, nijibu nini? Maana siku hizi naanza kuamini kweli nilizima nikasahau." Je, haitoshi nikimwandikia sifa nzuri, nikaenda zangu bila kuivuruga familia ya binti yangu?

Mstaafu

JIBU

Shikamoo mzee wangu, na pole kwa maradhi. Nakutumia jibu hili kwa mkono kabla ya kulichapa, maana Alhamisi haingoji gazeti.

Haitoshi. Mtu mzima anaishuku akili yake mwenyewe, nawe unamtafutia sifa? Na usimfanye binti yako kisingizio. Aibu unayoikwepa ni ileile ya mbele ya wakurugenzi.

Tena barua yako ina tundu. Nimemuuliza fundi wa kompyuta wa hapa kwetu, akasema mashine hizo huandika jina la kila anayebadilisha kitu. Ulizima wewe, likaandikwa jina lake. Kivipi? Hilo umeliruka, na bila hilo watasema mzee anamkingia mkwewe kifua.

Leo hii waite binti yako na mumewe, uwaambie kwa mdomo wako. Usianze na msamaha, anza na ulichofanya. Kisha kiandike, utie sahihi mbele ya shahidi asiye ndugu, kifike hospitalini kabla ya Alhamisi. Wakikasirika, waache wakasirike.

MSTAAFU AMEANDIKA TENA

Mshauri, nguvu zinaniishia, kwa hiyo ni kwa ufupi. Niliwaita jana mchana. Mkwe wangu alikuwa ameshika taulo na hakuiweka chini. Binti alisema, "Endelea, Baba," bila kunitazama. Barua imesainiwa, shahidi ni jirani yetu mshonaji, na imeshapelekwa. Lile nililoliruka nimeliandika humo hivi: nenosiri la mkwe wangu lilikuwa jina la binti yangu na mwaka waliooana, nikalibahatisha mara moja nikapata, na siku ile niliingia kwa jina lake kwa makusudi, ili mambo yakiharibika nisiwe mimi.