Pipa la Baba Imani

Jumamosi, 8 Machi

Saa kumi. Picha zimeanza kuingia. Kundi letu la wake za wanajeshi, Migori na Homa Bay, admin ni mimi. Kila Jumamosi: mwaga maji, pindua chombo, piga picha, tuma. Asiyetuma namsoma jina mbele ya wote. Wananiita Afande Boke, na mwenye cheo ni mume wangu. Sijali. Mbu wa dengue huzaa kwenye maji yetu ya nyumbani na huuma mchana, mtu akipika tu. Nimetuma video mbili za mafunzo. Wanne ndio wamezifungua. Wengine wanatuma vikatuni vya kucheka. Nimekasirika.

Jumamosi, 15 Machi

Picha ya Mama Imani, Homa Bay. Pipa la bluu limepinduliwa, kando yake kuku mweupe amesimama kwa mguu mmoja. Nikarudi nyuma kwenye simu. Wiki jana: kuku, mguu mmoja. Wiki juzi pia. Kivuli cha ukuta mahali pale pale. Na Homa Bay mvua imenyesha tangu jana, lakini kwenye picha udongo umekauka mpaka umepasuka.

Nimempigia. Sauti ya chini sana. Yuko wodini tangu jana na mwanawe Imani, miaka sita, homa kali, macho yanamuuma kwa ndani. Daktari amesema dengue.

Sasa nani alisimama uani kupiga hiyo picha? Sikuuliza. Nywele zilinisimama.

Jumatatu, 17 Machi. Homa Bay

Nimefika hospitali kabla ya saa sita. Homa imeshuka. Mama Imani anacheka, anafunga mizigo. "Nyamera, dada yangu, Mungu Nyasaye amejibu, twende nyumbani." Nikamnyang'anya mfuko. Video niliyotuma mwenyewe inasema homa ikishuka ndipo hatari huanza. Hakuifungua. Jioni fizi za mtoto zikatoa damu. Dripu. Hakuna aliyecheka tena.

Ndipo akaniambia. Picha zote alizipiga siku moja, Januari, pipa likiwa bado tupu. Alfajiri ya kuondoka kwenda vitani, mumewe, Baba Imani, alilijaza kwa mikono yake. Maji aliyoteka anayeondoka hayamwagwi mpaka arudi. Hilo tunaambiana sisi wanawake wa kambi tangu tukiwa maharusi. Mimi pia, safari ya kwanza ya mume wangu, nilificha jagi la maji aliyoteka chini ya kitanda miezi saba. Sijawahi kumwambia mtu. Na yeye aliogopa nisije nikamsoma jina, hata Jumamosi akiwa wodini akatuma picha kwa wakati.

Nimejiona mkatili.

Jumatano, 19 Machi

Damu bado. Nimemwambia Mama Imani: mtoto akipona anarudi kwa mbu wale wale, na dengue ya pili inaweza kuwa kali kuliko ya kwanza. Pipa limwagwe. "Ukilimwaga umemuua," akasema. Mumewe hajapiga simu wiki tatu. Ufunguo wa lango alininyima. Nikauchukua kwenye mkoba wake alipoenda msalani. Ndiyo, nimeiba.

Saa saba mchana, jua kali, ua mzima kimya. Pipa limefunikwa kwa jaketi la jeshi la Baba Imani, vifungo vyote vimefungwa, mikono imekunjwa kwa mbele kama mtu aliyeketi. Chini yake kitu kinavuma. Nikasema hodi. Ala! Mimi huyu, kulibishia pipa hodi!

Nilipolifunua mbu wakanipanda usoni, miguu yao ina mistari myeupe. Maji yalikuwa yanatembea yenyewe, viluwiluwi mpaka chini. Nikalisukuma pipa kwa bega. Maji yakakimbia moja kwa moja hadi langoni, yakasimama pale. Hayakutaka kuingia ardhini. Nikangoja. Nikaogopa sana. Mwishowe nikayaruka.

Jumamosi, 22 Machi

Leo sikudai picha. Hakuna aliyeuliza. Damu imekoma, Imani ameketi, amegombana na nesi. Ufunguo niliurudisha kimya kimya.

Jumanne, 25 Machi

Wamekuja watatu wodini, sare safi, mmoja mchungaji wa jeshi. Mama Imani alikuwa anamvisha mtoto viatu ili watoke. Alipowaona akaendelea kufunga kamba, polepole, akafungua, akafunga tena.

Baba Imani alikufa Alhamisi, alfajiri.

Alhamisi. Mimi nilimwaga Jumatano. Mbu nawajua, dengue naijua, na najua risasi haina habari na pipa la Homa Bay. Nimewafundisha wenzangu mwaka mzima. Usiku sikulala, nilikaa nikinusa mikono yangu.

Alhamisi, 27 Machi

Bado niko kwake. Watu wamepungua mchana. Pipa liko uani, limelala ubavu vile nilivyoliacha. Ameliangalia tangu asubuhi. Kisha akaniuliza tu, bila hasira: "Ulimwaga siku gani, nyamera?"

Nikasema Ijumaa.

Akafumba macho, akashusha pumzi. "Basi si wewe. Wala si mimi." Akanishika mkono, akasali kwa Kijaluo, jina langu nikalisikia humo mara mbili. Sikuutoa mkono. Imani akaja kutuonyesha jino linalotikisika. Nikaligusa, nikamwambia asilivute, litatoka lenyewe.